Kukubali ofa: kwa mdomo, kwa meseji, kwa barua, kwa advansi au kwa kunyamaza, uchukue ipi?

Kupatana bei watu wanajua, hapo sina wasiwasi na mtu. Panapovurugika ni pale bei ikishafika, ile sekunde ya "sawa nachukua". Umeisema kwa simu? Umetuma meseji? Umetuma dole gumba tu? Umelipa kaadvansi? Au umenyamaza ukiamini mwenzio ataelewa? Kila njia hapo ina uzito wake kisheria na watu wanazichukulia zote kama kitu kimoja, alafu kesho mtu analia kaibiwa dili kumbe mkataba haujawahi kuwepo, au mwingine anashangaa anadaiwa wakati yeye alijua "tulikuwa tunaongea tu". Kwahiyo naziweka sambamba hapa, ukiwa na dili mkononi ujue uchukue ipi. Natumia zaidi sheria ya Tanzania bara, yaani Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na Kenya nitaigusa pale wanapotofautiana nasi.

Kidogo tu kuhusu zilikotoka hizi sheria mana inasaidia mbele. Ya kwetu ni ya 1961 na imefata Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, vifungu vya mwanzo vinafanana karibu neno kwa neno, ndo maana mawakili wetu wanasoma sana kesi za India. Kenya wao wana Sura ya 23 ambayo kimsingi inasema kwenye mikataba tumieni sheria ya kesi ya Uingereza, yaani ile inayotokana na maamuzi ya majaji wao. Kwahiyo mtu wa Arusha na mtu wa Namanga upande wa pili wanaweza kufanya kitu kilekile na jibu likawa tofauti.

Tuchukue mfano mmoja na twende nao. Mtu anauza pikipiki aina ya Boxer, anakutumia wewe meseji:

"Dada, Boxer bado ipo, mil 2 na laki 2 cash, unaifata Mbezi, nijibu kabla ya Jumamosi saa 6 mchana."

Hiyo ni ofa kamili. Imetaja kitu, bei, namna ya kulipa, mahali, na mwisho wa muda. Imeelekezwa kwako. Ukisema ndiyo imefungwa.

Sasa linganisha na posti ya Instagram ya mtu huyohuyo, kaweka picha ya pikipiki na bei pale chini. Hiyo kwa kawaida siyo ofa, ni mwaliko tu, anawaita watu waje watoe ofa wao. Waingereza walishaliamua hili zamani, mwaka 1953 kwenye kesi ya duka la dawa la Boots (bidhaa iliyo kwenye shelfu yenye bei ni mwaliko, mteja anapoipeleka kaunta ndo anatoa ofa) na 1961 kwenye kesi ya Fisher na Bell, kisu kilichowekwa dirishani na bei yake. Kwahiyo ukikomenti "nachukua mimi" chini ya picha wewe hujakubali chochote, wewe ndo umetoa ofa, na muuzaji ana haki ya kukujibu "ishaenda" hata kama umekuwa wa kwanza. Watu wanagombana sana kwenye komenti kwa hili. Ukitaka usigombane mfate inbox, muulize ipo na kwa bei gani, akijibu na masharti yote hapo sasa una ofa mkononi ya kukubali.

Ndiyo, ndiyo ila, na hivi inawezekana

Hapa ndo nataka tukae muda mrefu kwasababu ndipo dili nyingi zinapofia, kabla hata hujafika kwenye swali la simu au barua.

Majibu matatu kwa ile meseji ya pikipiki:

La kwanza: "Sawa kaka naichukua kwa 2.2 cash, nakuja Mbezi Ijumaa."

La pili: "Sawa kaka naichukua ila nakupa mil 2."

La tatu: "Kaka hivi ukipewa mil 2 hutapokea?"

Kwa mazungumzo ya kawaida la pili na la tatu yanasikika kama ndugu, wote tunajua mtu anaomba apunguziwe. Kisheria yako mbali kabisa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mikataba kinataka kukubali kuwe kamili na bila masharti. La kwanza limepita. La pili limeanza na "sawa" lakini siyo kukubali, ni ofa mpya kutoka kwako, na ubaya wake ni kwamba kwa kuitoa umeiua ile ofa ya kwanza ya 2.2. Akikataa mil 2, ukarudi na "basi haya nachukua kwa 2.2 yako", huna cha kuchukua tena, hiyo ni ofa yako ya pili na yeye ana hiari kuikubali au kuiacha.

Kesi yenyewe ni ya 1840, Hyde na Wrench. Wrench alitoa ofa ya kuuza shamba kwa pauni 1000 tarehe 6 Juni, Hyde akajibu tarehe 8 kwa pauni 950, Wrench akakataa tarehe 27, Hyde akarudi tarehe 29 akasema haya basi nalipa 1000. Mahakama ikasema hapana mkataba, ile 1000 aliiua mwenyewe alipotaja 950. Karibu miaka 200 sasa na bado watu wanaanguka humohumo kila siku, kwasababu kupatana bei kwetu ni heshima, ukikubali bei ya kwanza unaonekana mshamba.

La tatu ndo jibu ambalo napenda watu walijue. Ni swali. Kuuliza hakuui ofa. Kuna kesi ya 1880, Stevenson na McLean, ya chuma, mnunuzi alipewa bei ya cash na muda mpaka Jumatatu, akatuma telegramu kuuliza kama muuzaji atakubali mzigo upelekwe kwa kipindi cha miezi miwili na kama hapana basi aseme muda mrefu kabisa anaoweza kutoa. Muuzaji akadhani kakataliwa, akauza kwa mwingine. Mahakama ikasema yule aliuliza tu, ofa ilikuwa bado hai na aliikubali kabla ya kupata taarifa kwamba imeondolewa. Muuzaji akawajibika.

Kwahiyo kama unaitaka ile pikipiki hata kwa 2.2 lakini unatamani kupunguziwa, uliza. Usiseme "nakupa", usiseme "naichukua kwa". Sema "hivi inawezekana" au "hakuna kapunguzo hapo". Ukijibiwa hapana, ile 2.2 bado ipo pale pale mpaka Jumamosi au mpaka yeye aiondoe. Ila kama hata hivyo huitaki kwa 2.2, basi taja bei yako moja kwa moja, huna cha kupoteza na utaonekana siriasi zaidi.

Angalia na vimasharti vidogo ambavyo watu hawavihesabu. "Sawa nachukua ila uniletee Kimara" ni ofa mpya, mana yeye alisema unaifata Mbezi. "Sawa nachukua, nalipa nusu nusu" ni ofa mpya. Lakini "Sawa nachukua, naomba uiache na mafuta kidogo" mimi naona hilo ni ombi tu, akikataa mafuta bado umekubali. Tofauti ni kama umekubali kwa sharti la hicho kitu au umekubali alafu ukaomba. Andika sentensi mbili, ya kukubali iishe na nukta, ombi lije baadae.

Simu au meseji

Kwa mdomo inatosha kisheria, mkataba hauhitaji karatasi kwa mambo mengi, na simu ni mdomo tu. Uzuri wake ni haraka, mwenzio amesikia hapohapo, hakuna kusubiri. Mwaka 1955 jaji Denning kule Uingereza kwenye kesi ya Entores alieleza vizuri: kama mtu ameita kukubali kwake ng'ambo ya mto na ndege ikapita juu ikafunika sauti, hakuna mkataba mpaka arudie na asikike, na simu ikikata katikati ni hivyohivyo, inabidi upige tena. India nao mwaka 1966 kwenye kesi ya Bhagwandas na Girdharilal, majaji wa mahakama ya juu kwa wingi wao wakaamua kwamba mkataba wa simu unafungwa pale kukubali kunaposikika kwa mtoa ofa, siyo kama barua. Kwahiyo ukisema "nimekubali" na mtandao ukakata na hujui kasikia au la, usikae ukijipa moyo, piga tena.

Ubaya wa simu unaujua. Kesho mmoja anasema 2.2, mwingine anasema tulisema 2.4, hakuna wa kuwatenganisha. Alafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa yetu, Sura ya 214, kifungu cha 6, inasema mauzo ya bidhaa ya kuanzia shilingi 200 hayatekelezeki mahakamani mpaka kuwe na kimoja kati ya hivi: mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa kitu cha kufunga mkataba au sehemu ya malipo, au kuna maandishi yaliyosainiwa na yule anayedaiwa. Shilingi 200! Zamani ilikuwa hela, leo hata maji ya kunywa huyapati, kwahiyo kwa ukweli inagusa karibu kila kitu unachonunua. Maana yake ule mkataba wa simu wa pikipiki kabla hujatoa hata mia, upo lakini hauna meno.

Meseji, iwe SMS au WhatsApp, inakupa maandishi, tarehe, saa na namba. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua mkataba uliofungwa kwa njia hizi na inaeleza lini ujumbe unahesabika umetumwa na lini umepokelewa, na ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani. Kwangu mimi kwa dili za kawaida za mtaani meseji inaipita simu mbali sana. Hata kama mmeongea kwa simu dakika 20 mkakubaliana, ukikata tuma meseji: "Kaka kama tulivyoongea, naichukua Boxer kwa 2,200,000 cash, nakuja Mbezi Ijumaa saa 9 alasiri." Akijibu "poa" umemaliza, maandishi yenu yanasomeka pamoja.

Swali la tiki moja, tiki mbili, tiki za bluu. Tiki moja usiitegemee kabisa, meseji yako haijafika kwenye simu yake. Tiki mbili imefika. Bluu imefunguliwa. Kama muda wa ofa unaisha Jumamosi saa 6 na saa 5 na nusu bado una tiki moja, usikae kubishana na simu ukisema "mimi nilituma", mpigie, au tuma SMS ya kawaida, au mwambie mtu wake wa karibu ampe simu. Na chukua skrinishoti mapema mana WhatsApp mtu anaweza kufuta meseji kwa wote, lakini usiitegemee skrinishoti peke yake, simu yenyewe itunze.

Dole gumba je? Kuna kesi ya Canada ya 2023, jimbo la Saskatchewan, ambayo kila anayefanya biashara kwa simu anapaswa kuijua. Kampuni ya kununua nafaka, South West Terminal, ilimtumia mkulima picha ya mkataba wa mbegu za kitani, zaidi ya tani 80, kwa dola 17 kwa busheli (kipimo chao cha nafaka), ikaandika tafadhali thibitisha mkataba. Mkulima akajibu na emoji ya dole gumba. Muda wa kupeleka mzigo ulipofika bei ilikuwa imepanda, mzigo haukwenda. Mkulima akasema dole lilimaanisha nimeupata ujumbe, nitausoma. Jaji akaangalia historia yao, huko nyuma alikuwa anajibu "ok" na "yup" kwa mikataba ya aina hiyohiyo na mzigo unakwenda, akasema dole hilo ni kukubali na ni saini pia, akamuhukumu alipe zaidi ya dola 82,000 za Canada. Rufaa 2024 ikabaki hivyohivyo. Hiyo siyo sheria ya huku na haimfungi jaji wetu, lakini mantiki yake inaingia vizuri tu hapa, mana swali ni lilelile, mtu mwenye akili zake akiona jibu hilo kwa namna mlivyozoeana angeelewa nini. Kwahiyo kama umepokea tu na hujakubali, andika "nimeipata, nitakujibu kesho". Na kama wewe ndo unasubiri jibu ukaletewa dole, usishangilie bado, muulize "kwahiyo tumekubaliana 2.2?"

Barua

Barua ya posta kwa pikipiki hakuna atakayetumia, lakini kwenye tenda, ajira, bima na mambo ya taasisi bado ipo, na hapa ndipo Tanzania na Kenya zinapoachana.

Kanuni ya Uingereza ilianza na kesi ya Adams na Lindsell ya 1818. Wauza sufu waliandika ofa tarehe 2 Septemba 1817, wakakosea anwani, barua ikazunguka mpaka tarehe 5, wanunuzi wakajibu jioni ileile kwamba wamekubali. Tarehe 8 wauzaji wakaona kimya wakauza kwa mwingine, tarehe 9 jibu likafika. Mahakama ikasema mkataba ulikuwa umeshafungwa barua ya kukubali ilipotumbukizwa posta. Na 1879 kwenye kesi ya Household Fire na Grant wakaenda mbali zaidi, hata barua ikipotea njiani isifike milele mkataba upo. Kenya kwa kufuata sheria ya kesi ya Uingereza wanaanzia hapo, ukiposti umejifunga na umemfunga na mwenzio.

Sisi kifungu cha 4 cha Sheria ya Mikataba kinagawa mara mbili. Kwa mtoa ofa, amefungwa pale barua yako inapoondoka mikononi mwako na huwezi kuirudisha tena. Kwako wewe uliyekubali, umefungwa pale inapofika kwenye ufahamu wake. Na kifungu cha 5 kinakuruhusu kuondoa kukubali kwako kabla haijamfikia. Kwahiyo Mtanzania aliyeposti barua Jumatatu, Jumanne akabadili mawazo, akapiga simu kabla barua haijafika, ametoka salama. Mwenye kesi ya Kenya akifanya hivyohivyo amejiingiza kwenye mabishano ambayo nisingemshauri mtu ayatafute. Kwa mtu anayekubali, hapa sheria yetu ni rafiki zaidi na naiona ina haki, mana mtoa ofa hajaumia chochote kama hata hajajua umekubali.

Ila yote hayo yanazimwa na mtoa ofa akitaja njia. Akisema jibu linifikie ofisini, basi mpaka lifike. Mwaka 1974, Holwell Securities na Hughes, haki ya kununua nyumba ilitakiwa itumike kwa taarifa ya maandishi kwa muuzaji, barua ikapostiwa ikapotea, mnunuzi akakosa nyumba. Kwetu kifungu cha 7 kinasema akitaja njia na wewe ukatumia nyingine, anaweza ndani ya muda unaofaa kukwambia rudia kwa njia niliyosema, akinyamaza anahesabika ameipokea hivyohivyo. Barua ya ofa ya kazi ikikwambia saini nakala uirudishe kabla ya tarehe 15, usimtumie mtu wa HR "asante sana nimekubali" kwa WhatsApp ukalala. Saini, peleka, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Kutoa advansi au kuanza kazi

Kama unaniuliza njia gani ina nguvu kuliko zote kwa bidhaa, ni hii. Kifungu cha 8 kinasema kutimiza masharti ya ofa, au kupokea kile kilichotolewa pamoja na ofa, ni kukubali. Na ukirudi kwenye ile ya shilingi 200, advansi ndo inayoupa meno mkataba wa mdomo. Waswahili wa pwani wana arbuni, yaani advansi ya kufunga biashara, toka enzi, na walikuwa sahihi.

Ukituma laki 3 kwa simu, meseji ya muamala inabaki na jina, kiasi, tarehe na namba ya kumbukumbu. Unganisha na meseji ya maneno: "Nimekutumia laki 3 advansi ya Boxer, bei 2.2, imebaki mil 1 na laki 9, namalizia Ijumaa nikiichukua." Akipokea hela na asipinge ujumbe, huyo atapata tabu sana kusema hakukuwa na mkataba au bei ilikuwa nyingine. Hela bila maneno ni nusu ya kazi, mana anaweza kusema lilikuwa deni la zamani.

Ubaya wake ni kwamba inakubana na wewe. Ukitoa advansi bila kuangalia chombo, bila kuuliza kadi ni jina la nani, umeshaingia. Na kama hamkusema advansi inarudi au hairudi dili likivunjika, hapo kuna ugomvi unawasubiri, kwahiyo semeni mapema.

Kwa ofa zinazotangazwa kwa watu wote, mfano "atakayeniletea begi langu lililopotea namlipa laki 2", kitendo ndo njia yenyewe, hupigi simu kusema nimekubali kutafuta, unaleta begi. Kesi ya Carlill ya 1893 ndo mama wa hizi, kampuni ilitangaza pauni 100 kwa atakayetumia dawa yao ya mafua kama ilivyoelekezwa akaugua bado, ikasema imeweka pauni 1000 benki kuonyesha haitanii, mama akatumia, akaugua, akalipwa. Lakini lazima ujue ofa ipo. India 1913, Lalman Shukla na Gauri Dutt, mfanyakazi alitumwa kumtafuta mtoto aliyepotea, akampata, ndo baadae akasikia kuna zawadi ya rupia 501 iliyotangazwa, akanyimwa mana alipompata hakuwa anajua. Inauma lakini ndo sheria ilivyo, huwezi kukubali usichokijua.

Kunyamaza

Hii kifupi: usiitumie. Mwaka 1862, Felthouse na Bindley, mjomba alimwandikia mpwa wake, nisiposikia chochote farasi nahesabu ni wangu kwa pauni 30 na shilingi 15. Mpwa alitaka kabisa kumuuzia, hata alimwambia dalali amtoe farasi kwenye mnada, dalali akasahau akamuuza, mjomba akashindwa kesi mana mpwa hakumjibu. Kwahiyo mtu akikwambia "usiponijibu mpaka kesho nahesabu umekubali", hawezi kukufunga hivyo, na wewe huwezi kumfunga mwingine hivyo. Ila mkiwa na mazoea ya muda mrefu kimya kinaweza kusomeka vingine, na ukipokea mzigo ukautumia hapo siyo kimya tena, ni kitendo.

"Nishikie mpaka Ijumaa"

Kuna watu hawakubali wala hawakatai, wanaomba washikiwe. Muuzaji anasema poa nakushikia. Wengi wanaamini hapo wana usalama, hawana. Kifungu cha 5 kinamruhusu kuondoa ofa muda wowote kabla hujakubali, na ahadi ya kukushikia bure haimfungi. Akikwambia Alhamisi kwamba imeuzwa, pole. Ukitaka kweli kushikiwa lipia hata kidogo, elfu 50 ya kushikia tu, na iandikwe kuwa ni ya kushikia mpaka lini na kama itahesabiwa kwenye bei. Hapo sasa ahadi ina kitu nyuma yake. Ofa pia inakufa yenyewe muda ukipita, na kama hakutaja muda, inakufa baada ya muda unaofaa. Kwenye kesi ya 1866 ya Ramsgate Victoria Hotel, mtu aliomba kununua hisa za hoteli Juni, wao wakamjibu Novemba, wakaambiwa mmechelewa.

Sasa uchague ipi

Bidhaa ya hela ndogo ambayo mnabadilishana papo hapo, mdomo unatosha, usijichoshe. Bidhaa ya hela ya kuuma, pikipiki, friji, mzigo wa maharage, meseji yenye masharti yote pamoja na advansi kwa simu. Fundi wa kujenga au kushona, meseji kabla hajaanza kazi, mana akishaanza ameshakubali kwa kitendo na kama bei haikuandikwa mnabaki kubahatisha. Taasisi, fata njia waliyotaja mpaka koma.

Ardhi na nyumba hapo meseji na advansi zisikudanganye. Sheria ya Ardhi ya 1999 kifungu cha 64 inataka mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki uwe kwa maandishi au kuwe na kumbukumbu ya maandishi, na usainiwe na yule unayetaka kumdai. Kenya kifungu cha 3(3) cha Sura ya 23 kinaenda mbele zaidi, maandishi, saini za pande zote, na kila saini ishuhudiwe na shahidi aliyekuwepo. Kwahiyo "nimekubali kiwanja" ya WhatsApp ichukulie kama mwanzo wa mazungumzo tu.

Na kama bado unapima, hutaki kufungwa lakini hutaki kupoteza dili, kuna meseji moja ya kutuma ambayo inakuacha huru: "Kaka bei nimeielewa na naelekea kukubali, ila haitakuwa mkataba mpaka tuandikishiane na tusaini wote wawili." Jua tu kwamba na yeye yuko huru hivyohivyo mpaka siku hiyo, akija mwingine na cash Alhamisi anaweza kumpa.